Debe Lilipoipita Nyumba Yangu

Usinipe pole. Pole nilipewa nyingi kuliko dawa, na hakuna hata moja iliyonishusha sukari. Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule aliyeambiwa ana kisukari, anadungwa sindano yake kama alivyoagizwa, na bado kila asubuhi anaamka akiwa hataki kuliona jua. Wewe mwingine mwenye afya yako soma ukipenda, lakini usije ukaniuliza "unaendeleaje" halafu ukaondoka kabla sijajibu.

Mimi ni mtu wa Kimamba. Nilikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge yakabaki nyuzi tupu. Na kila Ramadhani nilikuwa mpiga daku wa mtaa wetu. Nilikuwa na debe kuukuu la mafuta ya taa, limebonyea upande mmoja, na kirungu cha mpingo. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaamsha watu ili wale daku kabla ya alfajiri, na hakuna aliyeweza kulala mimi nikipita. Hata wasiofunga waliamka. Bi Kalunde, Mnyamwezi aliyekuja zamani na mumewe kukata mkonge, mume akafa naye akabaki kwenye nyumba za kambi, alikuwa akifungua dirisha na kunitukana mpaka nikate kona.

"Mimi sifungi! Unanipigia debe la nini, we Msagara mwenye kichwa cha fuko?"

Nami nalipiga zaidi, chini ya dirisha lake kabisa. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya mababu zetu. Mtani hana adabu kwa mtani wake, wala hatakiwi kuwa nayo. Akifiwa unakwenda kumcheka msibani, akifa yeye unaitukana maiti yake, na watu wa nyumba hiyo hawaruhusiwi kukasirika. Hili liweke akilini, maana nitalirudia.

Ugonjwa uliingia wakati wa masika, mto Mkondoa umejaa hadi kingoni, nami nikawa na kiu ya ajabu. Nilikunywa maji kata kwa kata. Mke wangu, Mama Zuhura, alianza kwa kunitania. "Baba Zuhura, unataka kuukausha mtungi?" Akaacha utani siku alipoona sisimizi wamejazana nilipokojoa nyuma ya nyumba. Suruali ikawa inanidondoka kazini. Wenzangu wakacheka, wakasema nimepata mke mdogo.

Hospitali ya Kilosa nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka kivuli cha ukumbi kikanihama. Walichemsha mkojo wangu na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali la kuchoma. Mganga akaniambia nina kisukari, kwa sauti ile ile ya mtu anayekwambia umekanyaga tope. Nikamuuliza kitapona lini.

"Hakiponi, mzee. Kinatunzwa."

Kisha akaita jina la mtu mwingine. Huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo yetu. Nilitoka pale na vidonge vyangu nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Nilipofika nyumbani nikaipeleka kwa Mama Zuhura, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuniuliza nimekula nini njiani.

Vidonge vilikwenda mpaka kiangazi, vikashindwa. Nikaelekezwa hospitali ya Mikumi kwa ajili ya sindano, nikapanda treni ya kwenda Kidatu na kushuka njiani. Siku ya wagonjwa wa sukari tulikaa kwenye benchi refu barazani, kila mmoja na chupa yake ya mkojo imefungwa kwenye gazeti, kana kwamba tunaficha pombe. Nyani walitoka porini wakitutazama mafurushi ya chakula. Nesi alikuwa mama mmoja mnene, mkali kama pilipili, aliyenifundisha kuchemsha sindano, kuvuta dawa na kujidunga pajani. Chupa ya dawa, alisema, isipate joto. Mama Zuhura akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, pembeni mwa mtungi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita karibu.

"Na usifunge," nesi aliniambia. "Ukijidunga lazima ule. Unanisikia, mzee? Lazima ule."

Nilimsikia. Nilisikia pia miguu yangu ikianza kufa ganzi, hata nikawa nakanyaga kaa la moto nisijue. Nilisikia mambo ya chumbani yakifa, na ninalisema hili waziwazi kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Nilidhani nimerogwa peke yangu duniani. Mama Zuhura hakulalamika, na kutolalamika kwake kuliniudhi kuliko kama angelalamika.

Kazini msimamizi aliniondoa kwenye korona. Alisema nikikatwa kidonda hakitafunga. Akanipa ufagio. Mimi, niliyekuwa nasikia mlio wa mashine nikajua ni kisu gani kimelegea, nikawa nafagia makapi. Halafu kulikuwa na shamba la ujamaa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa kaka yangu wa baba mmoja mama mmoja, Salehe, na zamu ya palizi ilipofika mimi nilikuwa nimeketi kivulini, miguu ile ya ganzi inawaka moto kwa ndani. Salehe akasimama mbele ya watu.

"Ndugu wananchi, katika taifa hili hatuna nafasi ya kupe. Hata akiwa ndugu yangu."

Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Nilitamani nimrushie jembe, lakini nguvu ya kulinyanyua sikuwa nayo.

Basi ikaja Ramadhani. Sasa wewe niambie, mtu ameitwa kupe mbele ya mtaa mzima, mashine amenyang'anywa, chumbani si mwanamume, amebakiwa na debe lake tu. Utamwambia asifunge? Mpiga daku asiyefunga ni kichekesho gani hicho? Nikajipangia mambo mwenyewe. Nitapiga daku, nitarudi nyumbani, nitajidunga, nitakula daku kama kila mtu, kisha nitafunga. Nesi si alisema nikijidunga nile? Nitakuwa nimekula. Nilijiona mjanja kweli. Mama Zuhura alinisihi, nikamwambia anyamaze, dini si ya manesi wa Mikumi.

Siku za kwanza nilivumilia kwa kujikokota. Kisha ikafika alasiri moja, tumekaa barazani msikitini baada ya swala, mikono ikaanza kunitetemeka. Jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, nimesimuliwa. Wanasema nilisimama nikapepesuka, nikamtukana imamu, nikamwita Salehe jina la baba yetu, nikajaribu kuvua kanzu. Mmoja akasema nimelewa. Zuhura, binti yangu, akakimbia kumwita mama yake, na Mama Zuhura akaja na kikombe cha maji ya sukari. Akanishika taya na kuninywesha pale pale, jua likiwaka, mbele ya msikiti, mwezi wa Ramadhani.

Nilipata fahamu nikiwa na utamu mdomoni na duara la watu juu yangu. Watoto walikuwa wameshaanza. "Kobe! Kobe huyo!" Kwetu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe. Hakuna mtu mzima aliyewakemea. Kwa hiyo shambani nikawa kupe na msikitini nikawa kobe.

Debe langu nililiweka chini ya kitanda. Wakampa kazi kijana mmoja, Shomari, akatafuta debe lake. Usiku wa kwanza nilikuwa macho, nikamsikia anakuja. Anapiga vibaya, hana mpigo. Akapiga kwa jirani wa kushoto. Akapita. Akapiga kwa jirani wa kulia.

Nyumba yangu aliiruka. Ndani mlikuwa na mke wangu na binti yangu, wote wamefunga, lakini nyumba ya kobe haiamshwi. Walikosa daku siku ile, wakashinda na njaa mpaka magharibi. Niligeukia ukutani.

Na hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wenyewe, ule ninaotaka kukueleza. Si huzuni. Huzuni ninaijua, nimezika wazazi na mtoto. Mwenye huzuni hulia, hula kidogo, hata hucheka msibani. Hiki kilikuwa kitu kingine. Kilinikalia kifuani, kikanyonya kila kitu ladha. Nilisikia Zuhura akicheka uani na sikujali. Chakula kikaletwa na kuondolewa. Iddi ikapita. Mvua za vuli zikanyesha, paa likavuja karibu na kichwa changu, nami sikusogeza kichwa. Nilijua linavuja. Niliona tu hakuna sababu ya kusogea.

Wakaja na maneno yao. "Jikaze, wewe ni mwanamume." Huyo Salehe. "Ana shetani huyu, apungwe." Huyo mama mkwe. "Mshukuru Mungu, kuna wenye maradhi mabaya zaidi." Huyo simtaji, maana bado tunasalimiana. Ukimwambia mtu aliyelala chini ya gunia la mchanga kwamba kuna mwenye magunia mawili, umemsaidia nini? Nilifumba macho wakaondoka. Baada ya muda hawakuja tena, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimewachoka.

Kisha nikaacha sindano. Sikusahau, wala dawa haikuisha. Asubuhi moja Mama Zuhura aliniletea sindano imechemshwa, nikamwambia, "Irudishe." Akafikiri natania. Kesho yake nikamwambia hivyo hivyo. Nilitaka iishe, ndiyo, nitaliandika: nilitaka kufa, na nilikuwa mvivu hata wa kufa, nikauachia ugonjwa unifanyie kazi hiyo. Kiu ikarudi. Mbavu zikatokeza. Mama Zuhura alilia, akapiga magoti, akaniambia nimwonee huruma Zuhura kama yeye mwenyewe simwonei. Nikamsikia kwa mbali kama mtu anayeongea upande wa pili wa reli, treni inapita katikati.

Asubuhi moja jua limeshapanda, mlango ukasukumwa bila hodi. Akaingia Bi Kalunde, kajifunga kanga nyeusi kiunoni, mkononi ana kamba ya mkonge. Hakunisalimia. Akakaa chini katikati ya chumba, akanyoosha miguu, akaangua kilio.

"Uwii! Uwii! Msagara kafa! Kafa na harufu yake! Jamani, kaacha mke mzuri, nani atamchukua?"

Mama Zuhura akakimbilia mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Kalunde akainuka, akanipima kwa kamba kuanzia kisigino mpaka utosini. "Mfupi," akasema. "Kaburi tutachimba la mbuzi, tusichoke bure." Akanishika kidevu akanigeuza uso kama anaangalia papai sokoni. "Na meno hayo tutamzika nayo? Ah, hasara."

Nilitazama ukuta. Ndipo akainama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta debe langu.

"Hili ni haki yangu mimi mtani," akasema. "Nitaotesha mchicha."

"Liache," nikasema.

Sauti ilitoka kama ya kufuli lenye kutu. Mama Zuhura alinieleza baadaye kwamba siku nyingi zilikuwa zimepita bila mimi kusema neno zaidi ya "irudishe."

"Maiti haisemi," Kalunde akajibu, akatoka na debe na kirungu changu.

Nikamsikia nje. Anapiga! Analipiga debe langu mchana kweupe, anashuka nalo mtaani na kupaza sauti kwamba Msagara amefariki, njooni mzike. Na watu, Mungu awaone, wakaja. Nilisikia viatu, nilisikia majamvi yakitupwa uani, nilisikia wanawake wakianza kulia. Watu ambao hawakukanyaga mlango wangu tangu Iddi! Nilipokuwa hai hawakuwa na nafasi. Lakini kwa kunizika wakaacha hata mikate jikoni.

Hasira ilinipanda kutoka miguuni, kwenye miguu ile ile iliyokufa ganzi. Nikashika ukuta. Nikaanguka, nikashika tena. Nikatokea mlangoni na shuka kiunoni, mifupa mitupu, na jambo la kwanza nililoliona ni kaka yangu Salehe amesimama na jembe la kuchimbia kaburi begani.

"Umekuja kulima, Ndugu Balozi?" nikamwuliza. "Leo umekuja na jembe kwa kupe?"

Watu waliruka. Mwanamke mmoja alikimbia mpaka kandambili zikabaki. Nikawatukana wote. Nilimtukana Salehe, nikamtukana Shomari aliyeiruka nyumba yenye mwanamke na mtoto waliofunga, nikawatukana wazazi wa wale watoto wa kobe, mmoja mmoja, kwa majina. Nilitukana mpaka nikaketi kizingitini huku nahema. Nilikuwa nalia pia, na sikuona haya.

Salehe aliweka jembe chini. Mpaka leo hajasema samahani, nami sijamsamehe sawasawa.

Watu walipotawanyika Kalunde akaja kukaa karibu yangu na debe mapajani. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea bila kelele.

"Sikiliza, mpumbavu wewe. Mimi hapa Kimamba sina mtu. Mume wangu mmemzika nyinyi, na wewe ndiye uliyelala kwenye kaburi lake ukadai koti lake. Nilicheka siku ile. Kama nisingecheka ningemfuata. Sasa ukitangulia wewe, nani atanitukana mimi? Nizikwe na watu wenye adabu, kimya kimya, kama mbwa?"

Akalihamishia debe kwenye mapaja yangu.

"Una deni kwangu," akasema. "Utakufa baada yangu. Siyo ombi."

Nikamwita Mama Zuhura, nikamwambia alete sindano. Nilidhani atahitaji muda wa kuwasha moto. Akatoka nayo ndani saa ile ile, bado ya moto. Alikuwa akiichemsha kila asubuhi, siku zote zile nilizoikataa. Mimi niliyejifanya simsikii! Nilishindwa kumtazama usoni, nikalitazama paja langu.

Usidhani nilipona siku hiyo. Hadithi za namna hiyo wasimulie wengine. Lile gunia liliendelea kunikalia masika yote, mara zito, mara jepesi. Mikumi nilimwambia nesi mkali, kwa hasira vilevile, kwamba dawa yake inatibu mkojo na kuacha mtu. Nilitegemea anifokee. Akaweka kalamu chini, akasema, "Na wewe pia? Mbona hamsemi? Nusu ya benchi lile nje wana hali hiyo, na kila mmoja ananiambia hajambo." Akanipeleka kwa daktari, tukazungumza, akanitaka nirudi kuzungumza kila nikija. Nilirudi. Nilipotoka kule ndani nikawaambia wenzangu wa benchini kilichonipata, bila kupamba. Mzee mmoja wa milimani, Mkristo, mwenye mguu mmoja, akageuka akaniangalia muda mrefu, kisha akamega muhogo wake akanipa nusu. Siku ile nyani hawakupata kitu.

Kwa hiyo wewe niliyekutaja mwanzoni, sikia. Siyo uvivu, siyo shetani, wala imani yako haijapungua. Ni ugonjwa uliokuja na mwenzake. Sema. Mwambie nesi, mwambie mkeo, mwambie adui yako kama ndiye aliye karibu. Ukiona unaanza kukataa dawa, siku hiyo usikae peke yako hata kidogo. Na ukijidunga, ule.

Daku sikupiga tena. Shomari sasa anapiga kwetu, tena kwa nguvu, maana Mama Zuhura alimfuata akamweleza mambo yake. Sifungi. Nakula mchana, mlango wazi. Atakayeniita kobe aje anitazame nikitafuna.

Bi Kalunde alikufa masika yaliyofuata, kwa homa, katikati ya wiki ya mvua. Watu wa kambi walikaa wamejiinamia, wana adabu zao. Mimi nikaingia na debe.

Nilimwambia amefanya vizuri kufa, mchele umekuwa adimu naye alikuwa mlafi. Nilidai kanga yake nyeusi, nikajifunga. Makaburini nililala kwenye shimo lake, matope matupu, nikasema ni pana mno kwa mwanamke mwenye roho nyembamba hivi. Watu walicheka huku wanafuta macho. Walipomshusha na kumfukia, nikasimama upande wa kichwani na kulipiga debe kwa mpigo wangu wa zamani, ule wa chini ya dirisha lake.

"Daku, Mnyamwezi! Amka!"

Nilipiga sana. Nilingoja anitukane. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tujuane asinijibu, nami nikaendelea kupiga mpaka Mama Zuhura akanishika mkono akaniambia twende, saa ya sindano imefika.

Tukaenda.